Fulu fremu yenye lenzi hafifu, au kamera ndogo yenye lenzi nzuri?

*Swali: Nimepiga picha kwa simu kwa miaka mingi na sasa nataka kununua kamera yangu ya kwanza isiyo na kioo (mirrorless). Pesa niliyotenga inatosha kitu kimoja kati ya viwili: kamera ndogo mpya ya APS-C, ya wanaoanza, pamoja na lenzi mbili, au fulu fremu iliyotumika, ya miaka kadhaa iliyopita, pamoja na ile lenzi moja ya zumu inayokuja nayo. Picha zangu nyingi ni za watoto nyumbani, mara nyingi jioni chini ya taa. Mkubwa anacheza mpira shuleni na ningependa kumpiga picha akiwa uwanjani. Ndugu wameanza kuniambia siku moja niwapigie picha za harusi, na sikatai kwamba baadaye naweza kulipwa. Rafiki yangu ambaye ni mpiga picha amenionya kwamba APS-C ni ya kujifunzia tu: usiku haioni, haitoi ule ukungu mzuri nyuma ya mtu, na baada ya mwaka nitaiuza kwa hasara. Je, nimsikilize?*

Nianze na jibu, kisha nikueleze sababu. Kwa matumizi uliyoyataja, na kwa pesa inayotosha kitu kimoja tu kati ya hivyo viwili, mimi ningekushauri uchukue kamera ndogo, kwa sharti moja: mojawapo ya lenzi zake mbili iwe na tundu kubwa, f/1.8 au f/1.4 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Kama lenzi zote mbili ni zumu za bei ya chini zinazofungwa kwenye boksi moja na kamera, jibu langu linabadilika, na nitakuonyesha linabadilikaje. Rafiki yako hajakudanganya kuhusu sensa, kile kipande ndani ya kamera kinachopokea mwanga. Kasoro ya ushauri wake ni kwamba ameitazama sensa peke yake, wakati wewe unanunua sensa na lenzi kwa pamoja, na pesa inayoongezwa upande mmoja inapungua upande mwingine.

Sensa ya fulu fremu ina milimita 36 kwa 24. Kipimo hicho kimerithiwa kutoka filamu ya milimita 35, ambayo Leica waliiweka kwenye kamera ya mkononi iliyoingia sokoni mwaka 1925. Enzi hizo hiyo ndiyo iliyokuwa kamera ndogo, na wapo wapiga picha wa studio walioidharau kwa sababu ileile ambayo APS-C inadharauliwa leo. APS-C nayo imechukua jina kutoka mfumo wa filamu uliotolewa mwaka 1996. Sensa yake ni takriban milimita 23.5 kwa 15.6 kwenye kamera za Nikon, Sony na Fujifilm, na 22.3 kwa 14.9 kwenye Canon. Zidisha, utapata milimita za mraba 864 kwa fulu fremu, takriban 367 kwa APS-C ya kawaida na 332 kwa ile ya Canon. Kwa hiyo fulu fremu ni kubwa kuliko APS-C ya kawaida mara 2.35. Ishike namba hiyo, maana faida ya usiku anayoisema rafiki yako imo humo, na ina kikomo.

Ili uone kwa nini ukubwa una maana, tazama chengachenga zinatoka wapi. Piga picha mtoto amekaa kwenye kochi jioni, kisha ivute hadi uone shavu lake tu: utakuta vijidoti vya rangi vinavyotambaa juu ya ngozi, na kwenye kivuli cha shingo vimezidi. Wengi hudhani huo ni uchafu wa sensa ya bei rahisi. Sehemu kubwa inatokana na mwanga wenyewe. Mwanga hufika kama chembe, fotoni, na chembe hizo haziji kwa foleni. Kipande cha sensa kinachotarajiwa kupokea fotoni 100 kwa muda ambao shata, pazia la kuingizia mwanga, imefunguka kitapata 93, jirani yake 108, wa tatu 99, ingawa vyote vinatazama ngozi ya rangi moja. Mtawanyiko huo unalingana na kipeuo cha pili cha hesabu yenyewe. Kwa fotoni 100 ni 10, yaani asilimia 10, na jicho linaliona hilo waziwazi. Kwa fotoni 10,000 ni 100, yaani asilimia 1, na shavu linaonekana laini.

Dawa ya chengachenga, basi, ni kukusanya fotoni nyingi zaidi, na njia za kufanya hivyo ni chache: taa iongezwe, shata ikae wazi muda mrefu zaidi, tundu la lenzi liwe kubwa, au sensa iwe na eneo kubwa zaidi la kupokea. ISO, ile namba unayoipandisha ili picha ing'ae zaidi, haimo kwenye orodha hiyo. Kupandisha ISO hakuleti fotoni hata moja. Kunakuza tu kile kilichokwisha kuingia, pamoja na mtawanyiko wake. Ndiyo maana kumwambia anayeanza "usipandishe ISO, itakuletea chenga" ni kumpotosha. Anaiogopa ISO, anaichelewesha shata, na anarudi na picha ya mtoto aliyetikisika. Picha yenye chenga kidogo inaweza kusafishwa kwenye kompyuta, tena programu za siku hizi zinaifanya kazi hiyo vizuri sana. Iliyotikisika haina tiba.

Sasa tuweke lenzi mezani. Namba ya f inaeleza ukubwa wa tundu, na mwanga unaopita hupungua kwa mraba wa namba hiyo. Kati ya f/6.3 na f/1.8 tofauti ni zaidi ya mara 12. Linganisha na ile 2.35 ya sensa.

Tuichukulie sebule yako saa mbili usiku. Tuseme kwa lenzi ya f/1.8 na shata ya 1/125 ya sekunde kamera ndogo inahitaji ISO 1600 ili uso wa mtoto uonekane sawasawa. Chukua fulu fremu yenye zumu yake ya kawaida. Lenzi ya Nikon ya 24-50mm (milimita zikiongezeka, lenzi inavuta karibu zaidi), kwa mfano, ni f/4 upande mpana na f/6.3 ukiivuta mpaka mwisho. Kwenye 50mm, kwa shata ileile, fulu fremu hiyo itahitaji ISO inayokaribia 20,000. Hata baada ya kuipa faida yake yote ya sensa, chenga zake zitafanana na za APS-C kwenye ISO 8500 hivi. Kwa hiyo kwenye kochi lilelile na chini ya taa ileile, kamera uliyoambiwa haioni usiku imekusanya mwanga mara tano zaidi ya ile ya kitaalamu. Upande mpana, kwenye f/4, pengo linapungua, lakini kamera ndogo bado inaongoza kwa takriban mara mbili.

Kinyume chake ni kweli pia, na hapa ndipo sharti langu lilipotoka. APS-C yenye zumu mbili za bei ya chini, moja ya f/3.5-6.3 na nyingine ya f/4.5-6.3, haina chochote cha kukupa sebuleni. Ukishaivuta kidogo tu itashindwa na fulu fremu yoyote, na rafiki yako atakuwa amesema kweli. Muuzaji akikuwekea zumu mbili kwenye boksi, muulize kama anaweza kukuuzia bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, na zumu moja, kisha tofauti uiweke kwenye lenzi isiyo na zumu yenye tundu kubwa. Kwa APS-C zipo nyingi na si ghali zikilinganishwa na nyingine: Sigma wana 30mm f/1.4, Nikon wana 24mm f/1.7 waliyoitoa mwaka 2023, Sony wana 35mm f/1.8. Milimita 24 hadi 35 ndiyo saizi ya ndani ya nyumba. Unampata mtoto na kile anachokifanya bila kujibana ukutani.

Kuhusu ukungu wa nyuma ya mtu: rafiki yako ana haki nusu. Ukitaka picha ileile inayotoka kwenye fulu fremu yenye 50mm f/1.8, kwenye APS-C utahitaji takriban 33mm f/1.2, na lenzi kama hiyo ni kubwa na ghali. Ila tuangalie kinachouzwa kwa bei unayoimudu. Kinachotengeneza ukungu ni upana halisi wa tundu, na unaupata kwa kugawanya milimita za lenzi kwa namba ya f. Zumu ya fulu fremu kwenye 50mm f/6.3 ina tundu la milimita 8. Lenzi ya 56mm f/1.4 ya APS-C ina tundu la milimita 40. Ukimsimamisha mtu mbele ya miti, ya kwanza itakuonyesha kila tawi, ya pili itayayeyusha matawi yote kuwa rangi. Jina la sensa lililoandikwa kwenye boksi haliwezi kuubadilisha ukweli huo.

Kuna jambo jingine ambalo hata wapiga picha wazoefu hulisahau, na linakuhusu kwa sababu umetaja harusi. Siku ya harusi, picha nyingi utakazoombwa ni za makundi: wazazi wamekaa, ndugu wamesimama nyuma, watoto wamechuchumaa mbele. Kwa f/1.8 kwenye fulu fremu, mstari mmoja utakuwa mkali na mingine miwili itafifia. Utalibana tundu hadi f/5.6 au f/8 ili wote waonekane, na ukishalibana itabidi upandishe ISO. Mwenye APS-C atapata kina hichohicho cha picha, yaani eneo lilelile la mbele hadi nyuma linaloonekana kali, kwa f/4 au f/5.6 na ISO ya chini zaidi. Ukifanya hesabu, mwanga uliokusanywa na kamera zote mbili unakaribiana mno, na chenga zinakaribiana vilevile. Kwa maneno mengine, faida ya fulu fremu unaipata pale tu unapokubali kina kifupi, au pale taa inapokuwa nyingi na shata haikubani. Ukihitaji kila mtu awe mkali ndani ya ukumbi hafifu, faida hiyo imekwisha. Utahitaji flashi, kamera iwe ya aina yoyote.

Mpirani mambo yanageuka kabisa, na hapo sina mashaka na kamera ndogo. Watu husema APS-C "huirefusha" lenzi mara 1.5. Lenzi hairefuki. Sensa ndogo inachukua sehemu ya katikati tu ya kile lenzi inachokionyesha, kwa hiyo 250mm inakupa mwonekano ambao kwenye fulu fremu ungehitaji 375mm ili kuupata. Ungeweza kuikata picha ya fulu fremu ukafika palepale, lakini kamera ya megapikseli 24 ikikatwa kwa kiwango hicho hubaki na 10 tu, wakati APS-C inakupa zake zote 20 au 24 juu ya mchezaji yuleyule. Nikon wana zumu ya 50-250mm ya APS-C yenye uzito wa gramu 405. Kwa fulu fremu utaanza kutafuta 100-400mm, na nyingi kati ya hizo hupita kilo moja. Canon wanayo nyepesi ya gramu 635, ila tundu lake huishia f/8. Mchana uwanjani mwanga ni tele, fotoni hazikupungukii, na sensa kubwa haina kitu cha kukuonyesha ambacho ndogo haikioni.

Uwanjani tena kuna suala la kasi, na umri wa kamera unasema zaidi kuliko sensa. Nikon Z5, fulu fremu ya mwaka 2020 ambayo huenda ni miongoni mwa zile ulizotajiwa, ni kamera nzuri sana kwa mandhari na picha za watu waliotulia, lakini hupiga picha 4.5 tu kwa sekunde. Canon R50, kamera ndogo ya mwaka 2023, hupiga 12, na fokasi yake hulifuata jicho la mchezaji anayekimbia kwa teknolojia ya kizazi kipya zaidi. Kati ya picha 4 na picha 12 ndipo mguu unapokutana na mpira. Kwa hiyo unaposikia "fulu fremu iliyotumika kwa bei ya APS-C mpya", uliza imetoka mwaka gani kabla hujauliza kitu kingine.

Sasa niitendee haki fulu fremu, maana naipenda na kuna kazi ambazo nisingezifanya bila yenyewe. Sababu kubwa ya kuichagua iko nje ya sensa: kamera nyingi za daraja hilo zimejengwa kwa mtu anayelipwa. Z5 niliyoitaja, kama ilivyo Sony A7 III ya mwaka 2018, ina nafasi mbili za memori kadi, kwa hiyo kila picha inaandikwa mara mbili papo hapo. Kadi huharibika, na pete haivalishwi mara ya pili kwa sababu kadi ya mpiga picha imekufa. Kamera ndogo za wanaoanza zina nafasi moja. Kamera za daraja la juu huwa pia na betri kubwa zaidi, mshiko ambao kidole cha mwisho hakining'inii hewani, na mfumo wa kutuliza mtikisiko ndani ya bodi. Canon R50 na Nikon Z50, ambazo ni APS-C, hazina mfumo huo. Lakini usikate kauli kwa jina la sensa tu hata hapa: Canon R8 ni fulu fremu na ina nafasi moja ya kadi bila kitulizaji ndani ya bodi, na Canon R7 ni APS-C yenye nafasi mbili na kitulizaji.

Kwa hiyo swali lako la harusi nalijibu hivi. Kama umeshaahidi harusi ya kulipwa ndani ya miezi michache ijayo, usinunue kamera yenye nafasi moja ya kadi, na usiende na kamera moja. Kodi kamera kwa siku hiyo. Kama harusi ni "siku moja, Mungu akipenda", usiinunulie kamera leo. Nunua kwa ajili ya sebule na uwanja, sehemu ambazo utapiga kila wiki, kwa sababu huko ndiko utakakojifunza mwanga, na kazi ya kulipwa ikija utakuwa na pesa ya kununulia bodi ya pili. Kamera yako ndogo itakuwa ndiyo akiba ya begani. Mtu wa harusi anahitaji bodi mbili hata hivyo, kwa hiyo ile hofu ya kuiuza kwa hasara baada ya mwaka inapungua sana.

Inapungua, lakini kwa sharti kwamba umechagua mdomo wa kamera kwa kutazama mbele. Mdomo ni pale lenzi inapofungwa, na kila kampuni ina wake. Canon RF, Nikon Z na Sony E wanatumia mdomo uleule kwa APS-C na fulu fremu, kwa hiyo lenzi na bodi zinaweza kuhamishiana. Fujifilm wana kamera nzuri mno za APS-C, na ningempendekezea kwa moyo mweupe kabisa mtu yeyote anayetaka kubaki kwenye saizi hiyo, lakini hawana fulu fremu. Ukiiacha APS-C yao wanakupeleka kwenye mfumo wa GFX wenye sensa kubwa zaidi na mdomo mwingine, na lenzi zako hazikufuati. Rafiki yako akisema utajuta, nadhani hapa ndipo majuto ya kweli hutokea: mtu amenunua lenzi nne za mfumo usio na mlango wa kupandia.

Hata kwenye mdomo mmoja, lenzi ya APS-C ikifungwa kwenye fulu fremu itaifanya kamera itumie sehemu ya katikati tu ya sensa, na megapikseli 24 zitashuka hadi 10. Lenzi ya fulu fremu ikifungwa kwenye APS-C haina shida hiyo. Usilichukulie hili kama amri ya kununua lenzi za fulu fremu tangu mwanzo; mara nyingi ni kubwa na ghali kwa kamera ndogo, na saizi zake hazikai vizuri. Chukua ile ya ndani ya nyumba ya APS-C bila kusita, kwa sababu utaitumia miaka. Ile ya picha za watu, kama 50mm f/1.8, inunue ya fulu fremu, kwa kuwa Canon wanayo ya gramu 160 tu, inakupa mwonekano wa 80mm kwenye kamera ndogo ya Canon (sensa yao ndogo kidogo huzidisha kwa 1.6 badala ya 1.5), na itahama nawe.

Umeniuliza juu ya machaguo mawili, lakini lipo la tatu ambalo huenda hujatajiwa: bodi ya fulu fremu iliyotumika, bila zumu, pamoja na 50mm f/1.8 peke yake. Kwa sebule na kwa picha za mtu mmoja mmoja hilo lingekuwa bora kuliko yote niliyokueleza, maana tundu ni sawa na sensa ni kubwa mara 2.35. Gharama yake ni kwamba mpirani huna kitu, chumba kidogo kinakubana, na kila lenzi utakayoongeza baadaye itakuwa ya bei ya fulu fremu. Zumu ya f/2.8 ya Sigma kwa APS-C, 18-50mm, ina uzito wa takriban gramu 290; mwenzake wa daraja la juu upande wa Sony fulu fremu, 24-70mm f/2.8, ana takriban gramu 700 hata baada ya kupunguzwa kwenye toleo la pili. Si sawa kabisa kwa ukungu, lakini uzito na bei vinakuonyesha barabara ilivyo mbele yako. Kama ungeniambia humpigi picha mwanao uwanjani, ningelifikiria chaguo hili kwa makini.

Kwenye kundi la kamera ndogo pia kuna za kuepuka kwa matumizi yako. Nikon Z30 na Sony ZV-E10 zimetengenezwa kwa watu wa video na hazina kijicho cha kuchungulia. Uwanjani juani utakuwa unakisia kilichopo kwenye skrini. Canon R100 ina kijicho, lakini skrini yake haigeuki wala haiitiki kidole, na anayetoka kwenye simu atachoka nayo mapema. Ukiinunua yoyote, jihadhari na shata ya kimya, ile isiyotoa sauti. Chini ya baadhi ya taa za LED itakuchorea mistari ya kiza na mwanga inayokata picha nzima kwa upande, na mara nyingi huigundui mpaka umefika nyumbani.

Na wiki za kwanza usishtuke ukiona simu yako inatoa picha ya usiku inayopendeza kuliko kamera. Simu hupiga fremu nyingi kwa mfululizo, ikaziunganisha na kuzing'arisha kabla hujaiona picha. Kamera imekupa fremu moja na inasubiri uamuzi wako. Piga RAW, faili ghafi ambayo kamera haijaisafisha, pamoja na JPEG, jifunze kuisafisha moja, na tofauti utaiona mara mtoto atakapoanza kusogea, kwa sababu hapo ndipo ujanja wa kuunganisha fremu unapokwama.

Kuna mambo ambayo maandishi yangu hayawezi kuyamaliza. Kabla hujalipa, nenda ukazishike kamera zote mbili zikiwa na lenzi zake, dakika kumi kila moja, jicho likiwa kwenye kijicho. Beba memori kadi yako. Omba kupiga ndani ya duka kwenye ISO 6400, kila kamera na lenzi utakayoinunua kweli, kisha uzitazame picha nyumbani kwenye skrini kubwa. Ikiwezekana kodi fulu fremu kwa siku mbili za mwisho wa wiki ambazo mtoto ana mechi, uone begani inakuwaje.

Na kama mwishoni utaangukia fulu fremu iliyotumika, usiimalize biashara hiyo kwa picha za tangazo. Bana tundu hadi f/16, piga ukuta mweupe au anga tupu, kisha ikuze picha: vidoa vyeusi visivyo na kingo ni vumbi na husafishika, mkwaruzo mwembamba wenye kingo kali hausafishiki. Elekeza tochi ndani ya lenzi ukitazama upande wa pili. Nyuzinyuzi kama buibui ni kuvu, na lenzi hiyo iache hata kwa bure. Uliza shata imefunguka mara ngapi. Jaribu nafasi zote mbili za kadi, fokasi ya jicho, na kila kitufe. Ukiona chochote usichokielewa, au muuzaji akikataa ujaribu, mtafute fundi wa kamera aitazame mbele yako kabla pesa haijatoka mfukoni. Ada yake ni ndogo mno ukiilinganisha na sensa mpya. Na sensa yenyewe, hata ukiiona ina vumbi, usiiguse kwa kitambaa wala kwa kidole. Iachie mikono ya fundi.